Mama Thelathini na Saba na Utumbo Uliolala Saa ya Chai

Ijumaa, tarehe 27 Juni, saa kumi na nusu alasiri, fundi mkuu wa Maabara ya Neva za Tumbo atavua koti lake jeupe, atalikunja mara nne kama anavyolikunja kila siku, na safari hii hatalirudisha kabatini. Atakuwa ameitumikia taasisi yetu miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa ameandika "zaidi ya miaka thelathini", akarudishiwa karatasi ikiwa na mstari mwekundu chini ya neno "zaidi".

Wengi mnamfahamu kwa jina la Mama Thelathini na Saba. Kwa wale wa idara nyingine, ambao hupita mlangoni petu wameziba pua, jina hilo lina maelezo. Utumbo una neva zake wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, zimetandazwa kama wavu ndani ya ukuta wake. Ukikata kipande cha utumbo wa mbuzi, kikawa mbali kabisa na ubongo, bado kitaendelea kujikunja na kusukuma, bila kumwomba mtu ruhusa. Kinachotaka ni maji ya chumvi, hewa, na joto la digrii thelathini na saba. Kipande hicho tunakitundika kwa uzi ndani ya bakuli la kioo tunaloliita bafu, na kila kinapojikunja, uzi unavuta kalamu, kalamu inachora mlima kwenye karatasi inayopita taratibu. Kazi ya Mama Thelathini na Saba, kwa ufupi, imekuwa kuhakikisha kwamba joto halishuki. Kazi ya sisi wasomi imekuwa kuitazama ile milima na kusema maneno marefu.

Watu wa masjala walimuuliza kwa nini asiongeze miaka mitatu ili utumishi wake ulingane na jina lake. Aliwajibu kwamba hiyo si sababu.

Alianza kazi akiwa mwosha vyombo. Kwa miaka miwili aliosha mirija na bakuli katika chumba cha chini, lile pango lenye sinki mbili na bomba moja linalolia. Siku moja Mkuu wa idara wa wakati huo aligundua kwamba vipande vya utumbo vilivyotundikwa katika vyombo alivyoosha yeye viliishi saa tisa, na vya vyombo vilivyooshwa na wengine viliishi saa tano. Akamwita juu, akamuuliza siri yake. Alisema anasuuza mara saba. Wengine walikuwa wakisuuza mara tatu na kuandika saba. Wiki iliyofuata akahamishiwa maabara, na hakurudi tena kwenye pango.

Tangu hapo, kila siku ya kazi, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa machinjioni na chupa yake nyekundu ya chai. Ndani ya chupa hamkuwa na chai bali maji ya chumvi ya uvuguvugu, na humo ndimo alimotia kipande cha utumbo kikiwa bado kinacheza. Mchinjaji wa pale alidhani kwanza kwamba huyu mama ni mganga, kisha akadhani ni mpishi mwenye wateja wagumu, akawa anamwekea sehemu yenye mafuta mengi kama zawadi. Ilichukua karibu mwaka mzima kumweleza. Alipoelewa, akageuka kuwa mtafiti kuliko baadhi yetu: kila asubuhi kabla ya salamu alitaka kujua kile cha jana kilikufa saa ngapi.

Mumewe ni fundi cherehani. Nyuzi za hariri tunazofungia utumbo mpaka leo zinatoka dukani kwake, mabaki ya nguo za maharusi. Watafiti kutoka nchi za mbali wamewahi kutuandikia kuuliza tunanunua wapi nyuzi laini namna ile. Hatukuona umuhimu wa kueleza.

Hapo ndipo anapoingia mwandishi wa wasifu huu, na ningeomba mniwie radhi, kwa sababu kuanzia hapa heshima yake inapungua.

Mwandishi aliwasili miaka ishirini na minane iliyopita, kijana mwenye shahada ndani ya bahasha ya plastiki na maoni kuhusu kila kitu. Asubuhi ya siku ya kwanza aliikuta maabara haina mtu, mezani kuna chupa nyekundu ya chai, pembeni kikombe safi. Akaona amekaribishwa vizuri. Akamimina, akapiga funda moja la mtu mwenye kiu. Ilikuwa chumvi tupu, na kwenye kikombe kulikuwa na kipande cha utumbo urefu wa kidole, kikijikunja. Mama Thelathini na Saba aliingia wakati huohuo. Hakucheka. Alichukua kikombe, akakinasa kipande kwa koleo, akakitundika kwenye bafu, kisha akafungua daftari na kuandika sentensi ambayo imo humo hadi leo: "Saa 3:05. Daktari mpya amekunywa kidogo. Digrii 37. Hai."

Daftari hilo nalo linataka maelezo. Kila saa, saa ikigonga, aliandika mambo matatu: saa, joto la bafu, na neno moja, ama "Hai" ama "Imekufa". Hilo ndilo aliloagizwa. Lakini pembeni, kwenye ukingo wa ukurasa, aliandika kila kilichotokea chumbani bila kuagizwa na mtu. Dirisha limefunguliwa. Mgeni amepiga chafya. Lori limepita, meza imetikisika. Daktari amepandisha sauti kwenye simu. Mwandishi alimtania miaka nenda miaka rudi, akiuita ukingo ule gazeti la udaku. Mara moja alimshauri, kwa upole wa mtu asiyejua kitu, kwamba sayansi ni kuchagua la maana na kuacha lisilo la maana. Aliitikia vizuri, akaandika pembeni: "Daktari ameshauri."

Baada ya kisa cha chupa, mwandishi aliapa kutokunywa tena chai asiyoichemsha mwenyewe. Akanunua birika la umeme, akaliweka ofisini kwake, chumba kilichotenganishwa na maabara kwa ukuta wa mbao. Ofisi ile ilikuwa na soketi moja, na kwenye soketi kulikuwa na plagi ya waya uliopenya kwenye tundu la ukuta, ukaenda usikojulikana. Mwandishi hakuuliza unakwenda wapi. Saa nne na robo asubuhi, na tena saa tisa na robo alasiri, aliichomoa, akachomeka birika, akanywa vikombe viwili bila haraka, kisha, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, akairudisha plagi kama alivyoikuta.

Nadhani mmeshaona tunakoelekea. Mwandishi hakuona kwa miaka sita.

Mwaka wa sita, akipitia karatasi za kalamu, aligundua jambo la ajabu. Utumbo ulikuwa ukilala. Mara mbili kwa siku, saa zilezile, milima ilififia ikawa vilima, vilima vikawa mstari, na baada ya nusu saa hivi kila kitu kikaamka. Kipande cha nyama kilichotoka machinjioni, kisicho na ubongo wala jua wala ratiba, kilikuwa kinajua saa! Kichwa cha mwandishi kilivimba hadi kofia zikagoma. Kwa miezi minane alikusanya karatasi. Aliandika makala ya kurasa arobaini kuhusu saa iliyofichika ndani ya neva za tumbo. Akaandikisha jina lake kwenye mkutano mkubwa wa wataalamu ng'ambo. Akamweleza mama mkwe wake, ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajaelewa binti yake aliolewa na mtu wa kazi gani, na mama mkwe akawaeleza majirani.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya safari, Mama Thelathini na Saba aliomba kuzungumza na mwandishi pembeni. Hakuja na hoja wala karatasi. Alisimama mlangoni mwa ofisi, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Daktari," alisema, "naomba usinywe chai siku tatu."

Mwandishi alidhani ni ushauri wa afya, akamshukuru. Alipotaka kujua sababu, akaambiwa ataijua siku ya nne. Kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kwa mama huyu kumwomba kitu chochote, alikubali, akashinda siku tatu na kichwa kinamuuma. Siku ya nne asubuhi karatasi zilikuwa zimetandazwa kwenye meza ndefu. Siku tatu mfululizo, utumbo haukulala hata dakika moja. Pembeni ya karatasi lilikuwa daftari, limefunguliwa kurasa za miezi minane, na kwenye ukingo, mara mbili kila siku, kwa mwandiko uleule wa wima: "Birika linachemka kwa Daktari." Ule waya wa ukutani ulikuwa wa hita ya bafu. Kila mwandishi alipoburudika, joto lilishuka digrii tatu, na ilipogonga saa kamili ya kupima, alikuwa ameshamaliza kunywa na joto limerudi.

Sasa niache kujificha nyuma ya "mwandishi wa wasifu huu". Ni mimi. Niliketi pale nikiwa na tiketi ya safari mfukoni. Kama angenyamaza wiki mbili tu, ningesimama mbele ya ukumbi mzima na kutangaza kwamba nimegundua birika langu mwenyewe. Tena angeweza kusema siku ile nilipofanya mazoezi ya hotuba mbele ya idara yote, naye alikuwepo, ameketi nyuma, daftari mapajani. Alingoja tukabaki wawili. Kwa hilo peke yake nilipaswa kumshika mkono na kumshukuru, lakini nilikuwa na hasira, na nikaanza kukusanya karatasi nizitupe.

Alizishika kwa kiganja. Akaniambia nisitupe, nitazame vizuri, kwani si vipande vyote vilivyolala. Nami nikatazama, na ni kweli. Vipande vya kawaida vililala kila nilipochemsha maji. Lakini vile ambavyo tulikuwa tumevitia dawa ya kuzima neva, kwa jaribio jingine kabisa, havikulala. Vilipunguza mwendo kidogo tu, vikaendelea kucheza. Kama ni ubaridi uliolegeza misuli, alisema, basi vyote vingelala sawa. Kwa hiyo zinazohisi ubaridi ni neva, na ni neva zinazotoa amri ya kusimama. Alikuwa ameshahesabu vipande vyote, mia mbili na kumi na sita, akavipanga kwa penseli kwenye jalada la nyuma la daftari.

Hiyo ndiyo makala iliyoitangaza maabara hii duniani. Neva za utumbo huhisi badiliko dogo la joto na kuamua zenyewe, bila kuushauri ubongo. Ndiyo iliyonipa uprofesa, na ofisi yenye dirisha, na soketi nne. Ilitoka miaka ishirini na moja iliyopita ikiwa na majina mawili: langu, na la Mkuu wa idara, kama ilivyokuwa desturi. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya shukrani kwa aliyetupatia karatasi, niliandika: "Tunamshukuru pia fundi wetu kwa msaada wake." Wala sikumtaja jina. Nilijiambia kwamba ndivyo ilivyo, mafundi hawawekwi. Kisha nikajiambia nitarekebisha makala ijayo, na unajua tena mambo ya makala ijayo.

Hakuwahi kulisema. Aliendelea kwenda machinjioni, kusuuza mara saba, kuandika saa na digrii. Amewafunza vijana thelathini na wanane kufunga uzi wa hariri bila kubana neva, na nusu yao leo wana maabara zao. Umeme ulipokatika siku mbili mfululizo, alichemsha maji kwa jiko la mkaa uani na kuyapandisha ngazi kwa ndoo, joto likabaki palepale. Mimi nilishika mlango. Tulipoletewa bafu jipya linalopiga king'ora plagi ikichomolewa, aliuliza kwa utulivu kama limetengenezwa kwa ajili ya mtu fulani. Kila mtu alinitazama.

Mwezi Oktoba uliopita ofisi ya utumishi ilinipa jalada lake ili niandae wasifu huu. Ndani yake kuna fomu ya kustaafu ambayo mtumishi huijaza mwenyewe. Elimu, vyeo, mafunzo, vyote amevijaza kwa mwandiko ule wa wima. Kisha kuna sehemu iliyoandikwa "Machapisho na ugunduzi". Hapo hakuandika neno. Alipiga mstari mmoja, mnyoofu, kwa rula, kutoka ukingo hadi ukingo, kama anavyopiga daftarini utumbo unapokufa.

Niliona haya ambayo sijapata kuiona tangu nikiwa mtoto. Siku hiyohiyo niliwaandikia wahariri wa jarida. Walijibu kwamba rekodi inaweza kusahihishwa endapo waandishi wote walio hai watatia saini, na kila mmoja aeleze alichofanya hasa. Nikaenda kwa Mkuu wetu wa zamani, nyumbani kwake, ambako sasa anafuga kuku na hatoki sana. Nilijitayarisha kwa hotuba ndefu ya kumbembeleza. Alisoma barua, akaomba miwani nyingine, akatia saini.

"Nilidhani ulishafanya hivi zamani," alisema.

Nikala mayai mawili niliyotengewa na mkewe, nikarudi zangu.

Sahihisho limechapishwa wiki iliyopita. Makala sasa ina waandishi watatu, na jina la kwanza ni la Mama Thelathini na Saba, kwa ukamilifu wake, pamoja na la baba yake na la babu yake, kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Wahariri walitaka maelezo ya mchango wa kila mmoja, nami niliyaandika kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichopata kuandika. Mwandishi wa kwanza: aliandaa vipande, aliviweka hai, aliandika kumbukumbu, aligundua kosa, akagundua na ukweli. Mwandishi wa pili: alichemsha chai. Mwandishi wa tatu: alisimamia idara. Wahariri waliniandikia mara mbili kuuliza kama mstari wa pili ni makosa ya uchapaji. Niliwajibu mara mbili kwamba ndiyo sehemu sahihi kuliko zote.

Ijumaa, sherehe itaanza saa nane mchana katika ukumbi wa chini, pale pale karibu na lile pango la sinki mbili. Mumewe atakuwepo, na binti yao, na wajukuu wawili ambao wameahidiwa kuonyeshwa utumbo unaocheza. Mchinjaji naye amekubali kuja, kwa sharti kwamba atakuja na kipande cha mwisho yeye mwenyewe. Chai itakuwepo. Kamati imeniomba niwahakikishie wote kwamba sitaruhusiwa kukaribia birika wala soketi.

Mama, kwa niaba ya maabara, ya vijana thelathini na wanane, na ya mbuzi ambao hatukuwahi kuwahesabu, asante. Asante zaidi kwa siku zile tatu za kichwa kuuma. Nenda ukapumzike kwa mumeo, lala mpaka jua lipande, na asubuhi ukishika chupa nyekundu, iwe na chai kweli. Tunakutakia siku nyingi, tulivu na zenye joto lake.

Kama ilivyo kawaida, nilimpa rasimu hii aipitie kabla haijakwenda kwa mchapishaji. Imerudi na masahihisho ishirini na matatu. Mbuzi, anasema, wamehesabiwa, ni elfu saba mia sita na wanne. Mayai yalikuwa matatu, Mkuu amemwambia. Pale penye habari ya sahihisho la makala hakugusa neno hata moja, ila pembeni, kwenye ukingo, ameandika kwa wima:

"Saa 9:40. Imesomwa. Digrii 37. Hai."